Mashine Mpya: Saa Kumi za Mwanzo

Mazungumzo yetu ya leo ni ya mashine mpya ya boti. Nataka tuzungumze kuhusu zile saa zake za mwanzo ndani ya maji, kwa sababu hizo ndizo zitakazoamua kama mashine hiyo itakulisha miaka mingi au itakurudisha kwa fundi kabla hujamaliza deni.

Wenzetu wa bara mtu akijaliwa hununua gari. Kwetu Lamu barabara ya lami inayotoka Garsen ikapita Witu inakomea Mokowe. Hapo gari linaegeshwa, abiria anashuka na mzigo wake, na safari iliyobaki ni ya maji. Mgonjwa wa Faza, mwanafunzi wa Ndau, mzigo wa unga wa Kizingitini, samaki wa Kiwayu, wote wanategemea ile mashine iliyofungwa nyuma ya boti.

Tena kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii. Magari mengi ya watu binafsi hapa Kenya huingia nchini yakiwa yameshatumika, mengi yakitoka Japani, na sheria inataka yasizidi umri wa miaka minane. Mwenye gari la namna hiyo hana kazi ya kuizoeza injini, kwani ilizoezwa huko huko zamani. Mvuvi au nahodha wetu hayuko hivyo. Yeye huitoa mashine yake kwenye sanduku, na plastiki ya kiwandani bado imeng'ang'ania. Hata kijana wa bodaboda wa Mpeketoni au wa kisiwani Pate hununua pikipiki ambayo haijawahi kutembea. Kwa hiyo elimu hii ya kuzoeza chombo kipya ni yetu zaidi kuliko ya mwenye gari wa Nairobi.

Na kwa sasa inatuhusu kuliko zamani. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu waliopoteza maeneo yao ya kuvulia kwa ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika mashauriano yaliyofuata, ikakubaliwa kwamba sehemu ya fidia iwe fedha taslimu na sehemu kubwa iwe vifaa na miradi ya uvuvi. Sababu yake inaeleweka. Mvuvi aliyezoea kutega karibu na mikoko, kwa dau na tanga, akiambiwa sasa aende maji makuu, hawezi kwenda bila chombo cha maana na mashine ya nguvu. Basi mashine si pambo la tajiri tena, ni riziki ya mtu wa kawaida. Na aliyeshika mashine mara ya kwanza katika maisha yake ana haki ya kuelezwa namna ya kuanza nayo.

Tuanzie ndani ya mashine yenyewe. Ukimwona fundi ameifungua, utaona silinda, na ndani yake pistoni inayopanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Pistoni ina ringi za chuma zinazougusa ukuta wa silinda. Kwa jicho ukuta huo unang'aa, lakini kiwandani umeachiwa kwa makusudi mikwaruzo midogo sana iliyokatana. Kazi ya mikwaruzo hiyo ni mbili: kushika oili, na kuzisugua ringi polepole mpaka zikae sawasawa na ukuta. Zikishakaa, moto wa petroli haupati pa kupenya, nguvu yote inakwenda kwenye propela. Lakini katika saa hizo za mwanzo chuma kinasugua chuma, na joto ni kubwa kuliko litakavyokuwa baadaye. Ukiifungulia resi yote siku ya kwanza, huku umepakia, joto linazidi, oili inachomeka, ringi zinakwaruza ukuta badala ya kuzoeana nao. Mashine haitakufa siku hiyo. Itaendelea kuwaka, nawe utadhani ni nzima. Baada ya msimu mmoja utaanza kuona inakunywa mafuta mengi, inawaka kwa shida asubuhi, na haina ile nguvu ya kukivuta chombo mawimbi yakiwa makubwa.

Wazee wetu hawakuwa na mashine, lakini jambo hili walilijua. Nenda Matondoni, kwenye kijiji kinachosifika kwa kuunda majahazi na mashua. Chombo kikishaundwa, mafundi hukikalafati, yaani huzijaza pamba zilizotiwa mafuta katika nafasi za kati ya mbao, moja baada ya moja, kwa patasi na nyundo. Pamoja na kazi hiyo yote, chombo kipya kikishushwa majini huvuja. Mwenyewe hapigi kelele kwamba fundi kamdhulumu. Anajua mbao bado ni kavu, zinahitaji kunywa maji na kuvimba, zikabane pamba. Kwa siku hizo za mwanzo chombo hakipelekwi nje ya mwamba, wala hakitiwi shehena kamili. Kinakaa karibu, kinakumbwa maji, kinaangaliwa. Anayeangalia anajua pia kutofautisha maji ya jasho la mbao na maji ya ubao uliopasuka. Msikilizaji, wahenga wamesema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mimi nasema kuunda hakuishi siku ya kushusha.

Sasa tuje kwenye saa zenyewe. Vitabu vya mashine nyingi tunazozitumia huku vinataja saa 10 za kuzoeza. Saa ya kwanza, resi isizidi nusu. Saa ya pili, unaweza kufika robo tatu. Saa nane zilizobaki, mwendo wowote, ila usiishikilie resi ya mwisho zaidi ya dakika tano mfululizo. Zikitimia saa 10, mashine ni yako, itumie utakavyo. Kitabu cha mashine yako kikisema vinginevyo, fuata kitabu hicho, maana kila aina ina masharti yake.

Nusu ya resi haina maana kwamba uitie mwendo mmoja uisahau. Mashine mpya hupenda kubadilishiwa. Ipandishe kidogo, ishushe, iache ipumue, ipandishe tena. Kuiacha ikinguruma gatini saa nzima kwa mwendo wa chini kabisa si kuizoeza. Inatakiwa ifanye kazi, lakini kazi ya kiasi.

Pa kuizoezea tumejaliwa. Mkondo ulio kati ya visiwa vya Amu (Lamu) na Manda umekingwa na mawimbi ya bahari kuu. Toka maji yakiwa yamejaa, nenda taratibu upande wa Mokowe, au zunguka kuelekea Matondoni, urudi. Usiende mlango wa Mkanda maji yakiwa yanakupwa, kwani pale chombo hukwama, na mashine inayokoroga tope na mchanga inaumeza mchanga huo. Usiende nje ya Shela au mlango wa Kipungani wakati wa kusi, kwa sababu bahari ikikuchachia huko utalazimika kufungua resi yote, utake usitake. Ukiweza kuchagua, anza mashine mpya wakati wa matlai, kusi likishatulia, au siku za maji mafu ambapo mikondo haina nguvu. Chukua mtu mmoja au wawili, maji ya kunywa, makasia, jaketi za kuokolea kwa kila aliyemo, na simu iliyo na chaji.

Sasa mafuta. Kuna mashine za aina mbili. Moja ina oili yake peke yake ndani, kama gari. Hiyo utaitilia petroli tupu, na kazi yako ni kuangalia kipimo cha oili kila asubuhi. Nyingine, ambayo wavuvi wengi wanaipenda kwa sababu ni nyepesi na fundi yeyote wa pwani anaijua, huchanganyiwa oili kwenye petroli. Hii ndiyo inayohitaji hesabu. Mashine nyingi za aina hiyo katika saa 10 za mwanzo hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, na baadaye sehemu moja kwa 50. Tuseme una jerikeni la lita 20. Wakati wa kuzoeza utatia mililita 800 za oili. Baada ya hapo utatia mililita 400. Tumia chupa yenye alama, usikisie kwa kifuniko. Tia petroli nusu kwanza, kisha oili, funga, tikisa vizuri, ndipo umalizie petroli iliyobaki, utikise tena. Mimina kupitia chujio, kwani petroli iliyosafirishwa kwa majerikeni ndani ya boti mara nyingi huja na maji. Na oili iwe ya mashine za boti, si ya pikipiki wala ya msumeno.

Hapo ndipo linapoanza lile ninalolisikia gatini kila msimu. Mtu kanunua mashine, kaiwasha, kaona kitu kimoja asichokitarajia, na kabla ya adhuhuri mji mzima umeambiwa kwamba mashine ni mbovu. Hebu tuyapitie mambo hayo, yale ya kawaida kwanza.

Moshi. Mashine inayochanganyiwa oili, ikiwa katika saa za kuzoezwa, hutoa moshi mwingi wa rangi ya buluu na nyeupe. Umeitia oili mara mbili, kwa hiyo itatoa moshi. Ukihamia kwenye kipimo cha kawaida, moshi utapungua.

Harufu ya rangi na grisi. Kiwandani sehemu nyingi hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, na rangi bado haijaonja joto. Harufu hiyo itaondoka yenyewe.

Kuwaka kwa shida. Mara nyingi ni plagi iliyolowa oili. Ifungue, ifute, ikaushe, irudishe. Weka plagi za akiba ndani ya boti pamoja na spana yake. Angalia pia kama umefungua kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, kwani mashine nyingi zilizosingiziwa ubovu zilikuwa zimenyimwa hewa tu.

Mlio wa “kak” unapoingiza gia. Mlio mfupi mmoja ni wa kawaida, ilimradi unaingiza gia resi ikiwa chini kabisa. Usiibadilishe gia mashine ikiwa inakimbia.

Kulegea kwa bolti. Mashine mpya inatetemeka, nao ubao wa nyuma ya boti unabonyea kidogo. Zile skurubu za kubana zitalegea siku za mwanzo. Zikaze baada ya safari ya kwanza, ya pili na ya tatu, na uifunge mashine kwa mnyororo au kamba ya akiba. Mashine iliyoanguka kwenye mkondo wa Manda haina fundi.

Haya matano hayakustahili kukunyima usingizi. Sasa sikiliza yale yasiyongoja kesho.

La kwanza kabisa ni maji ya kupozea. Karibu kila mashine ina tundu dogo ubavuni au nyuma, ambalo hutoa mchirizi wa maji wakati inawaka. Maji hayo yamevutwa kutoka baharini, yamepita ndani ya mashine, yamebeba joto, yanatoka. Mzoeze baharia wako kuutazama mchirizi huo kama anavyoitazama njia. Weka kidole: maji yanatakiwa yawe ya uvuguvugu, yasikuunguze, na yatoke kwa nguvu. Mchirizi ukikatika, zima mashine hapo hapo, usiseme nitafika tu. Iinue mashine, uangalie matundu ya kuvutia maji. Mara nyingi utakuta mwani, au kipande cha plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini bahari haijamaliza ile iliyokwisha kumezwa. Ukisafisha na mchirizi usirudi, tatizo liko kwenye pampu ya maji yenye feni ya raba ndani. Usiwashe tena. Piga kasia au uite mwenzako akuvute. Dakika chache bila maji zinatosha kuiua mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi.

La pili, mashine kupiga king'ora au kupungua nguvu yenyewe bila wewe kugusa resi. Mashine nyingi za kisasa hujilinda hivyo joto likizidi au oili ikipungua. Usibishane nayo.

La tatu, mlio wa chuma kugonga chuma ndani, usiokoma.

La nne, harufu kali ya petroli ndani ya boti. Kagua mpira wa mafuta na viungo vyake kabla hujawasha chochote, na asiwepo wa kuwasha sigara.

La tano linaonekana siku ya kumwaga oili ya gia, nalo nataka nikae hapo kidogo. Huduma ya kwanza ya mashine mpya huja mapema, kati ya saa 10 na 20 kutegemea aina, ilhali zinazofuata huwa kila baada ya saa 100 hivi. Sababu ya haraka hiyo ni kwamba meno ya gia, yakizoeana, huacha unga wa chuma ndani ya oili. Fundi akifungua skurubu ya chini, kinga oili ile kwenye kiganja, uitazame juani. Ukiona vimulimuli vidogo kama unga wa fedha, usishtuke, ndio mabaki ya kuzoeana, na ndiyo sababu unaimwaga. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hilo ni tatizo. Na oili ikitoka nyeupe kama maziwa, basi maji ya chumvi yameingia, na mpira wa kuzuia maji umekwisha. Mara nyingi aliyeukata ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela bila mtu kuona. Kwa hiyo ifungue propela mara kwa mara uangalie, hasa sisi ambao boti ya abiria asubuhi ndiyo boti ya kuvulia usiku.

Liko jambo jingine ambalo mwenye gari wa bara hana habari nalo, nalo ni chumvi. Mashine mpya inaanza kuliwa na chumvi siku ile ile inapoguswa na bahari. Kila jioni, au kila inapowezekana, iwashe ndani ya pipa la maji baridi kwa dakika kama kumi, ili maji hayo yapite yalikopita ya bahari. Najua utaniambia maji yenyewe ya kunywa ni shida. Ni kweli, mji wa Amu unategemea visima vya Shela, vinavyopata maji yake chini ya vile vilima vya mchanga, na visiwa vya Pate na Ndau vina shida zaidi. Lakini maji ya kisima cha magadi, yasiyofaa kunywewa, ni afadhali kwa mashine kuliko ya bahari. Maji ya mvua ya masika yaliyokusanywa yanaifaa. Na pipa moja laweza kutumika zaidi ya mara moja. Ukianza desturi hii tangu siku ya kwanza hutaiona kuwa kazi.

Nimeeleza ya chuma na mafuta. Nimalize na ya watu, kwa sababu mashine nyingi hazikuharibiwa na ujinga, ziliharibiwa na haraka. Mtu amekopa kwenye chama au Sacco, marejesho yanaanza mwezi ujao. Anaona saa 10 za kwenda mwendo mdogo bila abiria wa kutosha kuwa ni hasara. Mimi namwambia ahesabu saa hizo kama sehemu ya bei ya mashine. Ukinunua mashine, weka kando fedha ya petroli ya kuizoeza, ya oili ya ziada, ya huduma ya kwanza na ya plagi za akiba. Asiyekuwa na fedha hiyo bado hajawa tayari kununua, na bora angojee mwezi mmoja zaidi. Wengine ni fahari tu: mashine imefika leo, vijana wanataka kushindana nayo mbele ya gati, watu waone. Mzazi, wewe uliyeinunua, usione haya kukataa.

Kuna pia wale wanaotuuzia na wanaotugawia. Anayemkabidhi mvuvi mashine, awe ni muuzaji wa dukani, mradi wa serikali au shirika, amkabidhi pamoja na mafunzo ya siku moja kwa Kiswahili, majini, si karatasi ya Kiingereza ndani ya sanduku. Na vikundi vya usimamizi wa fuo viwe na fundi mmoja aliyesoma, atakayesimamia saa 10 za kila mashine mpya inayoingia kijijini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mashine zilizolala kwenye mabanda zikiwa hazijafikisha miaka miwili.

Kwako wewe uliye na mashine mpya nyumbani leo, nakuomba mambo manne. Piga picha nambari ya mashine na uiweke pamoja na risiti, kwani bila hivyo dhamana haina nguvu. Nunua daftari, uandike kila saa inayotembea na kila oili unayobadilisha. Usimruhusu mtu kuifungua ikiwa muda wa dhamana haujaisha, kabla hujazungumza na aliyekuuzia. Na usipakie abiria wa Faza au Kiunga kwenye mashine ambayo bado huijui. Maisha ya watu wale yamo mikononi mwako, na saa 10 za subira si nyingi kwa amana ya namna hiyo.